Ile Siku Baba Mukubwa Alimwaga Maji

Bunia, kwetu Rwambuzi, mchana

Aline mwanangu,

Mama yako amekwisha kukwambia yote. Maji uyachemshe, dawa ya malaria uiweke juu kabisa kwenye mfuko, usimwachie mtu usiyemjua simu yako akuchajie, Jumapili usikose kanisa. Tangu juzi nimekaa kwenye kiti changu nikisikiliza hayo masharti, na sijaona hata moja alilosahau. Kwa hiyo mambo ya nyumba na ya mwili muulize yeye. Miye nina kitu kingine, na ningefurahi kama angekuwepo mtu wa kukiandika badala yangu.

Umeenda kusuka nywele na Dorcas. Mumesema mutarudi jioni, na kwa vile ninavyowajua wasusi wa hapa, nina muda. Nimefunga duka la mbao mapema, nimewaambia wateja kichwa kinaniuma, na kusema kweli kinaniuma. Kesho asubuhi mutapanda basi ya Mahagi, weye na yeye, muende kuanza chuo cha ualimu, na siku za kwanza mutalala kwa shangazi yake kule Mahagi-Port, kando ya ziwa. Nilikuwa na miezi mizima ya kukwambia hili mdomo kwa mdomo. Kila nilipoanza niliishia kuuliza kama chakula kimeiva. Uliwahi kunicheka mbele ya mama yako: "Papa akitaka kusema kitu kikubwa, anaomba chumvi." Nilicheka na miye, lakini ulinipata.

Ni juu ya Baba yako Mukubwa Zakaria, na ile siku ya tamaduni shuleni kwenu.

Najua hutaki hata kulisikia jina lake. Tangu ile siku hujakanyaga kule kambini kwa wakimbizi wa vita anakokaa, na juzi uliposema kwamba umekwisha kuwaaga watu wote wa ukoo, mama yako alinitazama, miye nikatazama kikombe. Unaondoka ukiwa umemkata moyoni. Yeye naye anakubali kukatwa. Nikiwaacha hivyo, nitakuwa nimekupoteza kwake na yeye kwako, na ni ndugu yangu wa pekee aliyebaki. Nikikueleza, naogopa nitaharibu kitu kingine ambacho najua unakipenda kuliko siye wazee wote, yaani weye na Dorcas. Nimeyazungusha hayo mawili kichwani mpaka nimechoka. Sina njia ya tatu.

Sitaandika hapa majina ya makabila. Barua hii itapita kwenye vizuizi vya barabara kabla ya kufika, na isitoshe, hapa Bunia mtu akisema tu "wale," kila anayemsikia anajua wale ni nani. Siye ni watu wa upande mmoja kule Djugu, watu wa Dorcas ni wa upande mwingine. Tulikaa mlima kwa mlima, tukauziana mbuzi, tukaoana, halafu tukauana. Hayo uliyajua tangu ukiwa mdogo, na bado ukamchagua Dorcas kuwa rafiki yako darasa zima likiangalia. Nilijivunia. Sikukwambia hilo pia.

Nianzie kwenye komite ya wazazi, maana hapo ndipo nilipojiingiza mwenyewe. Unakumbuka sikukuu ya mwaka wa nyuma, ile ambayo kila kabila lilipewa meza yake na turubai lake. Watu wa mama yako, wale wa Butembo, walileta sufuria ambayo ilibidi ibebwe na wanaume, wakaanza kuulizana kwa sauti kama watu wa meza nyingine wanaona wanavyopika wenzao. Mwishoni ikatolewa zawadi ya ngoma iliyo nzuri kupita zote, na ugomvi wa ile zawadi ulikuwa mrefu kuliko sikukuu yenyewe. Tulikuwa tumewaita watoto wajifunze kupendana, kumbe tumewapanga foleni kwa makabila na kuwapa alama.

Ndiyo maana safari hii Prefe, mkuu wenu wa shule, alituita mapema. Alikuwa na watu wa shirika moja, wamevaa vizibao, wamebeba kitambaa kikubwa kilichoandikwa kwamba tofauti zetu ni utajiri wetu. Tulizunguka sana. Halafu mama mmoja akasema, mbona watoto wasibadilishane? Kila kundi licheze ngoma ya wengine, livae nguo za wengine, lifundishwe na wenzao wenye ngoma. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wangu. Miye ambaye kwenye mikutano huwa nakaa karibu na mlango. Nilisimama nikasema ni jambo zuri, tufanye. Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana, mama yako akaniuliza nimekunywa nini.

Kura ikapigwa, kundi lako likapata ngoma ya kulima ya watu wa Dorcas.

Mulifanya mazoezi hapa uani kwetu. Siku ya kwanza nilikuwa napiga randa ubao wa mlango. Dorcas akawaambia mukae kimya, akafunga macho, akaanza kuimba wimbo wa ile ngoma ili muufuate. Randa ilisimama mkononi mwangu. Ulinigeukia ukauliza, "Papa, unaujua?" Nikasema mti huu una fundo. Ukageuka.

Naujua, Aline. Kule kwetu kila mtu aliujua, wa upande huu na wa upande ule. Shamba likikushinda, ukiwa umefiwa au umeugua, majirani walikuja kukulimia. Na hawakuja kimyakimya. Walianza kuimba huko bondeni, mbali, kabla hujawaona, ili mama wa nyumba asikie na atoke na maji. Walinawa, wakanywa, ndipo salamu zikaanza. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna mtu aliyekuja na huo wimbo na jembe begani akiwa na neno baya. Miye mwenyewe nimeuimba katika mashamba ya kina Dorcas nikiwa kijana, na sauti yangu ilikuwa mbaya hata wakati ule, waliniweka nyuma. Nilipomwoa mama yako, yeye mtu wa mji asiyejua kushika jembe, walikuja wakatulimia maharagwe kwa huo wimbo, akatoka na maji akiwa amevaa viatu virefu. Walimcheka mpaka jioni.

Sasa inabidi niandike lile jingine.

Ulikuwa hapa Bunia na siye, kwenye shule ya msingi, vita viliporudi kule kwetu. Tulikwambia Mama Mukubwa, mke wake Zakaria, na watoto wake wawili walikufa kwa vita. Tulisema hivyo tu, kama vile mtu anavyosema walikufa kwa homa. Uliuliza mara moja, mama yako akakupa sukari ukanyamaza. Nakumbuka ile sukari.

Ilikuwa asubuhi, ukungu bado uko chini. Kwa miezi mingi majirani wa mlima wa pili walikuwa hawaji tena, watu walisalimiana kwa mbali, wengine hawakusalimiana kabisa. Na Baba yako Mukubwa alikuwa ametoka kuugua, magugu yamekula shamba. Basi wakasikia wimbo bondeni. Mama Mukubwa alisimama akasikiliza, akasema, "Wametukumbuka." Alifurahi. Alichukua ndoo ya maji, watoto wakachukua vikombe wakamfuata mbio, maana kwa watoto ile ni sikukuu. Baba yako Mukubwa alikuwa nyuma ya nyumba anafunga mbuzi. Aliwasikia wakitoka na hakuwazuia. Hilo ndilo alilolirudia mara nyingi siku ile moja aliponieleza. Hakulia. Alikuwa amesimama hapa mlangoni petu na kiatu kimoja, akasema, "Hata miye nilifurahi." Kisha akaomba pahali pa kulala.

Kilichofuata pale nje sitakiandika. Weye ni mtu mzima, utajua mwenyewe.

Wale watu waliowatoa nje kwa ule wimbo walikuwa nani, sijui. Zakaria anasema nyuso hakuzijua. Pengine walikuwa wa mbali, wakafundishwa wimbo na mtu anayezijua desturi zetu. Pengine walikuwa wa karibu. Ila kitu kimoja nakijua na nataka ukishike: wakati ule baba yake Dorcas alikuwa hapa mjini anauza samaki, nilikuwa namwona kila siku, na Dorcas alikuwa na meno ya utotoni kama weye. Wimbo alifundishwa na bibi yake, na kwa bibi yake ni wimbo wa kulima, basi. Dorcas hajui. Mtu wa kujua alikuwa miye, na miye nilikuwa napiga randa.

Kwa nini sikuwaambia mubadilishe? Nimejiuliza sana. Ningesema badilisheni, ungeuliza kwa nini, na unavyouliza weye, mtu hatoki salama. Ingebidi nikwambie mbele ya Dorcas. Halafu, na hili naliandika kwa aibu, nilianza kuupenda tena ule wimbo. Kila jioni nilikuwa nausikia midomoni mwenu watoto, munakosea maneno, munacheka, Dorcas anawapiga kwa kanga, na nikawa najiambia kwamba pengine hivi ndivyo utakavyosafishwa. Pengine siku moja utarudi kuwa wa maharagwe tu. Nilijilaza na mawazo hayo na nikalala vizuri.

Hukuniambia kwamba ulikwenda kambini kwa pikipiki kumwalika Baba yako Mukubwa. Ulitaka iwe jambo la kunishangaza, na ulinishangaza kweli. Nilimwona anaingia kwenye mlango mkubwa wa shule amevaa koti la kanisa, lile lenye mikono mirefu kuliko mikono yake. Alikuwa haendi pahali popote, unajua, hata matangani alikuwa anatuma mtu. Akaniambia, "Mutoto wangu ameniita." Alisema mutoto wangu. Prefe akampa mkono, wakamkalisha mbele kwenye viti vya wageni, miye pembeni yake.

Nilikuwa na muda wa kumwambia. Ngoma tatu zilipita kabla ya yenu. Vijana wa Butembo waliocheza ngoma ya watu wa ziwani walipoanguka, alicheka mpaka akashika goti langu. Nilimwambia, kaka, jua ni kali, twende tukae kule nyuma kwenye kivuli. Akasema hapana, anataka kukuona vizuri. Nikasema labda tukanywe soda kwanza. Akanitazama kama mtu anayemtazama mpumbavu. Nikaacha hapo. Nilifungua mdomo mara mbili na mara zote mbili nilisema juu ya jua na soda.

Mwalimu wenu alikuwa ameipanga ile ngoma vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Aliwaficha nyuma ya madarasa muanzie kuimba mbali, na katikati ya uwanja akamsimamisha yule mtoto wa darasa la kwanza, amefungwa kitenge kama mama wa nyumba, na beseni la maji mikononi. Watu wakanyamaza ili wawasikie. Na mukasikika.

Nilikuwa namwangalia yeye. Alisimama kabla hamujaonekana. Hakutazama kule sauti ilikotoka, alikwenda moja kwa moja kwa yule mtoto, akalipiga beseni likaruka, maji yakamwagika yote, akambeba yule mtoto kifuani akakimbia naye kuelekea darasani. Anakimbia na lile koti. Anamwambia, "Usitoke, mama, usitoke." Mtoto analia. Hapo ndipo mulipokata kona, majembe begani, weye mbele kabisa unacheka, ukamkuta Baba yako Mukubwa anakimbia na mtoto wa watu.

Uliona ulichoona, na wote waliona vilevile. Mzee amemzuia mtoto asiwape maji "wale." Mmoja akalisema kwa sauti, wengine wakaanza kuzomea. Prefe alichukua mikro akasema kwamba hiyo ndiyo roho tuliyokuja kuipiga vita leo, na watu wakapiga makofi. Mama wa yule mtoto akaja akamnyang'anya. Yeye akabaki amesimama kwenye mlango wa darasa, mikono bado imekaa namna ya kubeba. Miye nilikuwa kwenye kiti. Kiti cha pembeni yangu kiko wazi, na miye nimekaa, mjumbe wa komite.

Halafu pale mlangoni ulimwambia. Dorcas alikuwa amekushika mkono, analia, anadhani mzee amemchukia yeye. Ulisema, "Baba Mukubwa, ni watu kama weye wanafanya vita visiishe." Sikulaumu. Ningekuwa weye ningesema hayo hayo, na pengine kwa ukali zaidi. Akajibu, "Ndiyo, mama." Akaenda zake kwa miguu, njia yote ile mpaka kambini, na miye sikumfuata kwa sababu nilikuwa naogopa kukuacha na kuogopa kumfikia.

Ndivyo ilivyokuwa. Umekaa na hasira yako miezi hii yote na umefanya nayo kazi nzuri, umesoma, umepata diplome yako, umeandika ile insha juu ya ukabila ambayo Prefe aliisoma mbele ya wazazi. Uliandika kwamba kuna wazee ambao chuki ndiyo mali yao pekee. Nilikuwa nimekaa pale nikisikiliza. Watu waligeuka wakanipa mkono.

Leo asubuhi nilikwenda kwake. Nilitaka aje jioni akuwekee mkono kichwani, ndiyo desturi yetu kwa mtoto anayekwenda mbali, na ni yeye mkubwa wa ukoo, si miye. Nilimkuta anashona turubai lake kwa waya. Nilimwambia unaondoka kesho. Alikuwa anajua, sijui nani alimwambia. Nikamwomba aje. Akasema hapana, akija utakosa raha, na mtu haondoki nyumbani akiwa amekosa raha. Ndipo nikapata nguvu kidogo nikamwambia, "Basi, niache nimweleze mtoto, ajue ile siku ulikuwa unafanya nini."

Akaacha kushona. Akaniuliza kule Mahagi utakaa na nani. Nikamwambia. Akauchomeka waya kwenye turubai, akauacha hapo.

"Usimwambie," akasema. "Atalala katika nyumba yao. Unataka alale macho wazi?"

Nikasema, lakini anakudharau, kaka, na unakubali hivyo hivyo?

"Acha anichukie miye. Miye niko mutu moja, ataweza. Ukimwambia, atachukia wangapi?"

Jibu nililitafuta njia nzima ya kurudi, Aline, na bado nalitafuta. Akaniuliza kama umepata blanketi, maana upepo wa ziwa usiku ni mbaya. Nikasema umepata. Akaendelea na turubai lake. Ni mkubwa wangu, hajawahi kuniomba kitu tangu pale alipoomba pahali pa kulala, na kitu cha kwanza alichoniomba nilimkubalia kwa kichwa. Nikarudi nyumbani, nikafunga duka, nikatafuta biki ya kuandikia.

Nimevunja neno lake, basi. Mama yako nilimuuliza kabla ya kuanza. Alikuwa anakunja nguo zako. Akaniambia, "Weye na ndugu yako munameza maneno mpaka watoto ndio wanapaliwa. Andika." Kisha akatoka nje akakaa muda mrefu kwenye kamba ya nguo ambayo haina nguo.

Ungetegemea sasa nikupe shauri. Wazazi wengine wangekuwa nalo. Miye nakutazama kila asubuhi unavyonywa chai umesimama na najua kwamba kesho sitaweza kuzuia kitu chochote kisikufikie, na leo nimeongeza kimoja kwa mkono wangu. Kama kuna usiku utakaoshindwa kulala katika nyumba ya shangazi yake Dorcas juu ya haya niliyoyaandika, nikasirikie miye. Siyo yeye, aliyekufundisha wimbo wa bibi yake, na siyo shangazi atakayekupikia. Najua moyo hauagizwi. Huenda ukamtazama Dorcas asubuhi moja ukaona kitu ambacho hakipo usoni mwake. Miye nimewahi kumtazama hivyo baba yake, mtu aliyenisaidia kubeba mbao zangu nilipokuja hapa mikono mitupu. Ilipita. Ikarudi. Ikapita tena. Sijui kama inaisha, nakwambia tu kwamba siku ambazo imepita nilikaa naye tukanywa chai na ilikuwa chai ya kweli.

Kama umwambie Dorcas au usimwambie, usiniulize. Ukimwambia atabeba kitu ambacho si chake. Ukimficha, utakuwa umekaa kama nilivyokaa miye, na unaona nilivyofika.

Mutakuwa walimu, weye na yeye. Shule zitawaomba mupange sikukuu kama ile, zenye vitambaa na ngoma na vyakula, na nisingependa ukatae kwa sababu yangu. Wakiniuliza tena kwenye komite kama watoto wabadilishane ngoma, sijui, nadhani mkono ungekwenda juu tena, mkono mjinga. Mulikuwa wazuri. Kwa muda ule mfupi mulipokuwa munaimba nyuma ya madarasa, kabla hajasimama, nilisikia sauti yako juu ya zote na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama walivyofurahi wao asubuhi ile.

Basi yenu itapita Djugu. Dereva hasimami, na kutoka barabarani kijiji chetu hakionekani, ni mikaratusi tu. Usijisumbue kutafuta. Barua hii nitakupa mkononi kwenye maegesho, na nakuomba uisome ukiwa umefika, si njiani. Ukimaliza, usiiache mezani kwa watu.

Kitu kimoja tu nakuomba, na kiko juu yako kukifanya au kukiacha. Baba yako Mukubwa ana simu ndogo, anaifungua jioni tu ili moto wa betri usiishe. Mpigie. Najua sasa utataka kumwomba msamaha, na ninakusihi usimwombe. Ukimwomba tu, atajua nimekwambia, na atakaa kule chini ya turubai kila usiku akifikiri jinsi unavyolala. Muulize kama mvua imenyesha. Mweleze ziwa likoje, hajawahi kuliona. Sema blanketi linatosha. Hatasema mengi, usimuulize kwa nini.

Atadhani umemsamehe. Mwache adhani hivyo.

Papa yako